Kabla ya Kuagiza Fulana

Kila hospitali kubwa ya mjini ina kamati ya sherehe, hata pale ambapo hakuna barua ya uteuzi. Wajumbe wake wanajulikana: matroni mwenye sauti, mtu wa maabara asiyeona haya kuchangisha, ofisa ustawi wa jamii, mmoja wa manunuzi, na dereva anayejua bei ya kukodi turubai kuanzia Buguruni hadi Tandika. Kazi yao haiishi, maana kalenda ya afya haina mapengo. Machi 8 ni wanawake. Alhamisi ya pili ya Machi ni figo, na Machi 24 kifua kikuu. Aprili 7 ni Siku ya Afya Duniani, kisha Mei Mosi, Mei 5 wakunga, Mei 12 wauguzi. Juni 14 wachangia damu, wiki ya kwanza ya Agosti unyonyeshaji, Septemba 17 usalama wa mgonjwa, Septemba 29 moyo, Oktoba nzima saratani ya matiti, Novemba 14 kisukari, Novemba 17 watoto njiti, Desemba 1 Ukimwi. Hapo hujagusa bonanza, kuwaaga wastaafu, wala kufunga mwaka.

Nimekaa kwenye kamati za namna hii kwa muda mrefu hapa Dar es Salaam, upande wa ustawi wa jamii, na makala haya nawaandikia wanaozipokea sasa. Wananchi wa kawaida pia wana fungu lao huko mbele. Ninalotaka kuwaambia ni moja: ipangeni siku ya pili kwanza, halafu ndipo mpange siku yenyewe. Yaani kabla hamjaulizana fulana ziwe za rangi gani, ulizaneni mtu atakayegundulika na tatizo Jumamosi atapokelewa na nani Jumatatu, na mtumishi aliyekuwa zamu usiku ule atakula nini.

Anzeni kwa kupunguza. Hakuna hospitali inayoweza kuadhimisha siku zote hizo ikazifanya vizuri, na hakuna anayewalazimisha kuzifanya zote kwa turubai. Chagueni nne kwa mwaka. Kigezo kiwe hiki: je, nyuma ya siku hiyo kuna kliniki inayofanya kazi kwenye hospitali yenu? Kama mna kliniki ya kisukari yenye daktari, dawa na siku maalumu, Novemba 14 ni yenu. Kama huduma ya figo kwenu ni barua ya rufaa ya kwenda Muhimbili, basi siku ya figo itoshe kwa mazungumzo ya asubuhi kwenye benchi za wagonjwa wa nje. Halafu tazameni mawingu. Masika ya Dar huanza Machi na kuendelea hadi Mei, kwa hiyo siku ya kifua kikuu na siku ya wauguzi zote mbili zinaangukia kwenye mvua. Desemba 1 nayo iko kwenye vuli. Mwenye turubai atawaambia halivuji. Mwombeni awaonyeshe likiwa limefungwa, na mtazame upande wake unaoelekea mfereji.

Tuje kwenye upimaji bure, maana ndiko kamati nyingi zinakotumia nguvu na ndiko zinakoharibu.

Ratiba ya kawaida inasema shughuli inaanza saa 3 asubuhi. Watu wa Dar wanajua foleni, kwa hiyo wanafika saa 12. Mgeni rasmi anafika saa 5 na nusu. Baada ya hapo kuna utambulisho, risala, salamu za wadhamini, ngoma, zawadi ya mgeni rasmi na picha ya pamoja. Wakati huo wote kuna mzee kwenye kiti cha plastiki aliyeambiwa na gari la matangazo aje bila kula ili apimwe sukari. Hajatia kitu mdomoni tangu jana saa 2 usiku. Pengine ni mgonjwa wa sukari tayari, na asubuhi amemeza dawa zake kama kawaida. Akianza kutetemeka na kutoka jasho kabla hotuba haijaisha, ninyi ndio mliomfikisha hapo.

Upimaji uanze saa 1 asubuhi, mgeni rasmi awepo asiwepo. Akifika aikute kazi inaendelea, apitishwe mezani, azungumze dakika kumi, basi. Viongozi wengi hufurahia kuona kazi kuliko kuona viti, ila mtu wa itifaki lazima aambiwe mapema, tena kwa maandishi. Na sukari ya kufunga msiihangaikie uwanjani. Pimeni ya papo kwa papo. Aliyefika 11.1 au zaidi, au aliye karibu na hapo na ana dalili, apewe miadi ya kuja kupima akiwa hajala kwa saa nane, ndani, kwenye maabara. Stripu za kupimia sukari nazo zinataka uangalizi. Kopo likiachwa wazi juani zinapata joto na unyevu, na majibu yanayumba. Zikae kivulini, kopo lifungwe kila mara, na mtu mmoja apewe kazi hiyo kwa jina.

Meza ya presha inastahili maelezo marefu zaidi, kwa sababu ndiyo inayopendwa na ndiyo inayopimwa ovyo kuliko zote. Picha yake iko hivi. Mama ametoka kituo cha daladala kwa miguu, kapanda kidogo, jua linamchoma. Anakaa kwenye benchi lisilo na egemeo, miguu inaning'inia, mkono umelala mapajani. Mkanda wa mashine ni ule mmoja wa saizi ya kawaida, mkono wake ni mnene, na umefungwa juu ya mkono wa gauni. Spika ya nyuma inapiga singeli. Muuguzi, ili asikike, anapaza sauti: "Mama, mia na tisini kwa mia na kumi!" Foleni nzima inageuka. Kisha mama anapewa kikaratasi kilichoandikwa: fika hospitali. Yuko hospitali!

Karibu kila kitu kwenye picha hiyo kinapandisha namba. Kutembea, mkono ulioshuka chini ya moyo, mkanda uliombana, mazungumzo, kelele. Kwa hiyo hamjui kama mama ana presha au mmemtengenezea. Marekebisho yake hayana gharama. Wekeni viti sita vyenye egemeo kivulini, mbele ya meza, na bango dogo: pumzika hapa dakika 5. Foleni ikigeuka kuwa mahali pa kupumzika, hakuna muda uliopotea. Miguu ikanyage chini, mkono ulale juu ya meza usawa wa moyo, nguo ipandishwe, mtu anyamaze. Tafuteni mkanda mkubwa. Wodini upo, huwa umefungiwa kabatini. Namba ikifika 140 kwa 90 au kuzidi, pimeni tena baada ya dakika chache. Na namba iandikwe, isitangazwe.

Sasa hesabu, ambayo kamati nyingi hazifanyi. Muuguzi akipima hivyo, akirudia inapobidi, akaongea na mtu na kuandika, mpeni dakika sita kwa kila mmoja. Hao ni watu 10 kwa saa. Kuanzia saa 1 hadi saa 7 mchana ni watu 60. Mkiwa na wauguzi wanne ni watu 240, na hiyo ndiyo namba ya kutangaza mitaani, si "wananchi wote mnakaribishwa". Tuseme mmoja kati ya wanne atakutwa na presha ya juu. Hao ni 60. Je, kliniki yenu ya presha inaona wangapi kwa siku, na kati yao nafasi ngapi ziko wazi wiki ijayo? Kama jibu ni tano, basi mna mawili: punguzeni watu wa kupima, au nendeni kwa mganga mfawidhi mkaombe kliniki ya ziada Jumatatu na Jumanne. Jambo hili lijadiliwe kwenye kikao cha kwanza. Likiachwa kwa mtu wa mapokezi asubuhi ya Jumatatu, atapanga watu foleni ya mwezi ujao, na wengi hawatarudi.

Mtu akitoka kwenye meza aondoke na kadi yenye tarehe, saa, namba ya chumba na jina la kliniki. Aliyekutwa na presha ya kutisha, kichwa kinamuuma au kifua kinabana, asipewe kadi. Ashikwe mkono apelekwe wagonjwa wa dharura saa hiyo hiyo, na daktari wa huko awe ameambiwa tangu jana yake kwamba watu wa namna hiyo watakuja.

Kuna neno linaloleta ugomvi kuliko yote: bure. Gari la matangazo likipita Mwananyamala au Temeke likisema "huduma bure", mtu anaelewa vipimo bure, dawa bure, na hata ile ngiri aliyonayo tangu mwaka juzi itapasuliwa bure. Akifika dirisha la dawa akadaiwa fedha, anatukana, na anayetukanwa ni mfamasia ambaye hakuwepo kwenye kikao chenu. Semeni wazi kwenye tangazo: vipimo hivi na hivi ni bure, dawa kwa utaratibu wa kawaida, wenye kadi za bima waje nazo. Wekeni meza ya ustawi wa jamii palepale uwanjani kwa wanaostahili msamaha, wakiwemo wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Tangazo lenyewe mpeni mwenyekiti wa serikali ya mtaa, msikiti, kanisa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Hao huulizwa maswali na hujibu. Spika ya gari haijibu.

Mambo ya aibu yasifanyiwe turubaini. Upimaji wa VVU unataka faragha ya kweli, ya kuzungumza kabla na baada. Uchunguzi wa shingo ya kizazi unataka chumba chenye mlango, taa nzuri na kitanda. Huduma hii, kwa maoni yangu, ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote mnazoweza kutangaza, kwa sababu kipimo cha kupaka siki kinatoa jibu baada ya dakika chache, na mwanamke aliyekutwa na mabadiliko madogo anaweza kutibiwa siku hiyo hiyo kama mashine ipo na mtaalamu yupo. Siku ya kwanza na siku ya pili zinakuwa siku moja. Waambieni kwenye tangazo kwamba mwenye hedhi aje wiki inayofuata, asije akapanga foleni bure.

Daftari la majina nalo. Nimeona daftari la upimaji limelala wazi mezani, jina, namba ya simu na majibu kwenye mstari mmoja, na kila anayeinama kuandika jina lake anasoma ya waliotangulia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria hilo ni jambo la heshima tu. Kila mtu na fomu yake, daftari lijazwe ndani. Picha vilevile. Mpiga picha wenu apige meza, mabango, watumishi na mgeni rasmi. Mgonjwa asipigwe kabla hajaulizwa na kukubali, na mtu aliyelala kitandani huwa hana nguvu ya kukataa, kwa hiyo yeye mwacheni kabisa.

Kuhusu eneo sina mengi. Njia ya gari la wagonjwa ibaki wazi, spika zisielekee wodi ya wazazi wala ya watoto, na muziki uzimwe hotuba ya mwisho ikiisha. Mshereheshaji atalalamika. Mwacheni alalamike.

Wadhamini ndio wanaolipia turubai, kwa hiyo kuwakataa kunataka moyo. Hata hivyo kuna wa kukataliwa. Kampuni ya maziwa ya kopo isikanyage kwenye Wiki ya Unyonyeshaji wala wodi ya wazazi, hata kama imeleta fulana 300 zisizo na nembo. Kanuni za kimataifa za kudhibiti utangazaji wa maziwa hayo zipo tangu 1981, na Tanzania ina kanuni zake. Siku ya kisukari msigawe soda. Nasema hivyo kwa sababu hutokea: mtu katoka kuambiwa sukari yake ni 14, hatua tatu mbele anapokelewa na binti mwenye tabasamu na chupa ya baridi. Maji yatoshe. Mwenye duka la dawa la jirani akitaka kuchangia, achangie, ila vikaratasi vyake visiingie kwenye kadi za miadi.

Hayo ni ya upande wa jamii. Upande wa watumishi kosa ni lilelile kwa sura nyingine: shughuli inapangwa kwa ajili ya wanaofanya kazi mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, kana kwamba hospitali ni ofisi ya posta.

Chukueni Siku ya Wauguzi, Mei 12, tarehe aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820. Asubuhi kuna maandamano, mishumaa inawashwa, kiapo kinarudiwa, risala inasomwa. Pilau linaiva saa 7 mchana. Wa zamu ya asubuhi wanalipata la moto wakipokezana. Wa jioni wanakuta lililobaki. Wa usiku, wanaoingia saa 2 na kubaki na wodi nzima hadi asubuhi, wanakuta sufuria lina ukoko na soda zimeshapata joto. Hao ndio waliowasha mishumaa michache kuliko wote na ndio wanaofanya kazi ile ya Nightingale hasa, ya kuzunguka vitandani gizani. Dawa yake ni rahisi: mwombeni matroni ratiba ya zamu wiki mbili kabla, hesabuni vichwa kwa zamu, na mpishi apike mara mbili. Kama bajeti haifiki, punguzeni keki. Keki ya ghorofa tatu ya mgeni rasmi inalisha wodi mbili za usiku.

Kwenye hesabu hiyo msiwasahau wasio kwenye orodha ya mishahara. Hospitali zetu za mjini zimejaa madaktari tarajali, wanafunzi wa uuguzi walio mazoezini, wanaojitolea wakisubiri ajira, na watu wa kampuni za usafi na ulinzi. Kijana anayejitolea hufanya zamu kamili, halafu siku ya fulana anaambiwa zimehesabiwa kwa waajiriwa. Kama fulana hazitoshi, heri zisiwepo.

Mei Mosi ina mfanyakazi bora, cheti, bahasha na minong'ono. Minong'ono hupungua vigezo vikibandikwa ukutani mwezi mmoja kabla, na kura zikipigwa na wanaohudumiwa na idara husika, si na idara yenyewe. Waulizeni wodi ni dobi yupi anayeleta mashuka kwa wakati. Waulizeni ndugu wa marehemu ni nani aliyewapokea mochwari kwa lugha nzuri. Mkifanya hivyo mtashangaa majina yanayojitokeza. Mzee anayesukuma machela kutoka mapokezi hadi chumba cha upasuaji, ambaye hakuna daktari anayejua ubini wake, hupata kura nyingi. Mpeni.

Bonanza ni jambo zuri na mimi ni shabiki wake, hasa kufukuza kuku. Lakini msipange madaktari dhidi ya wauguzi, au utawala dhidi ya maabara. Mnachofanya hapo ni kuipeleka mipaka ya kazini uwanjani na kuivalisha jezi. Changanyeni. Timu moja iwe na daktari, mlinzi wa geti, mpishi, mtunza kumbukumbu na muuguzi wa watoto. Faida yake inaonekana usiku mmoja mvua inanyesha, bajaji imeleta mama mwenye uchungu, na mlinzi anampigia daktari simu moja kwa moja kwa sababu walivuta kamba upande mmoja. Kwa waliopita miaka 45 wekeni bao, drafti, karata na matembezi ya asubuhi, na kuvuta kamba kuwe kwa hiari ya kweli. Watu wapashe misuli kwanza. Daktari wa mifupa huwa anacheka Jumamosi na kulalamika Jumatatu, kwa kuwa wagonjwa wake wapya ni wenzake. Na lazima kuwe na nafasi kwa wa zamu: bonanza la Jumamosi mbili mfululizo, nusu ya watumishi kila moja, ni bora kuliko moja kubwa linaloacha wodi na muuguzi mmoja.

Michango iwe ya hiari na iwe na ngazi. Daktari bingwa na mhudumu wa wodi wasitozwe sawa, na hakuna mtu akatwe kwenye malipo ya zamu za ziada bila saini yake. Sherehe ikiisha, mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo ndani ya wiki, hadi mia tano ya maji. Niliwahi kuona kamati ya hospitali moja, sitaitaja, ikivunjika kwa ugomvi wa kreti za soda ambazo zilirudishwa kweli dukani. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeandika.

Kufa na kuzikana ndiyo shughuli ya watumishi ninayoiheshimu kuliko zote, na haina siku kwenye kalenda. Iandikieni kanuni fupi: rambirambi ni kiasi gani kwa mtumishi, mwenza, mtoto, mzazi; mkwe amo au hayumo; usafiri wa kwenda mkoani unatoka mfuko upi; anayejitolea anahusika baada ya miezi mingapi. Bila kanuni, mwenye marafiki wengi huzikwa kwa mabasi mawili na mpweke huzikwa kwa barua.

Kuna msiba mwingine ambao hauchangiwi. Mama amefariki kwenye chumba cha kujifungulia saa 9 usiku. Kikao cha kupitia kifo cha uzazi kitaitishwa, na lazima kiitishwe. Humo kuna majalada, maswali na maazimio. Lakini mkunga aliyekuwa amemshika mkono yule mama anarudi zamu jioni kama vile hakuna kilichotokea. Kikao kile hakimhusu yeye kama mtu. Nawashauri matroni na mapatroni: siku hiyo hiyo, kabla zamu haijaondoka, wakusanyeni waliokuwepo kwa dakika 20, chumba kimefungwa, chai ipo, hakuna anayeandika. Kila mmoja aseme alichoona au anyamaze. Asiyeweza kurudi zamu jioni abadilishiwe. Hili halihitaji bajeti wala mgeni rasmi, na sijui shughuli nyingine inayosaidia watumishi kama hiyo.

Sasa ninyi wa nje, vikundi vya kinamama, kwaya, vyama vya waliosoma pamoja, ofisi zinazokuja Machi 8 au mwisho wa mwaka kuwaona wagonjwa. Mnakaribishwa. Novemba 2015 Rais Magufuli aliagiza fedha zilizochangwa kwa tafrija ya wabunge zikanunue vitanda vya Muhimbili, na tangu hapo kila anayeandaa hafla mjini anajua kuna mtu atauliza kuhusu kitanda. Lakini msinunue kitanda, wala kitu kingine chochote, kabla hamjampigia simu ofisa ustawi wa jamii au matroni. Mtakuta wodi ya watoto imepokea sabuni za vikundi vitatu mwezi huo, wakati wodi ya wanaume haina hata shuka la kubadilisha, au kuna mama aliyeruhusiwa tangu wiki iliyopita ila hana nauli ya kurudi Mkuranga. Chakula msigawe kitanda kwa kitanda. Yule wa kona anasubiri upasuaji na hatakiwi kula, mwenzake ana kisukari, wa tatu amekatazwa kula kwa amri ya daktari. Kipelekeni kwa muuguzi wa zamu, yeye anajua. Njooni kumi, msije hamsini. Na bango lenu lenye nembo libaki nje ya wodi.

Na kama kikundi chenu kinataka kutoa kitu ambacho hospitali ya mjini haikosi kukihitaji, toeni damu. Mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na afya njema siku hiyo. Mwanaume anaweza kurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Anywe maji, ale kabla ya kuja. Kila chupa hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende, na hapa narudi kwa kamati kwa mara ya mwisho: mchangiaji aliyekutwa na tatizo lazima apigiwe simu, aitwe peke yake, aelezwe na kuunganishwa na kliniki. Mtu aliyekuja kuokoa wengine asiachwe aendelee kuishi na homa ya ini bila kujua, eti kwa kuwa chupa yake ilishatupwa.

Juni 14 benki za damu huwa na wageni wengi. Tatizo liko kwenye miezi mingine. Sehemu kubwa ya damu hutolewa na wanafunzi wa sekondari na vyuo. Shule zikifungwa, hasa Desemba, makabati ya baridi huanza kuwa matupu, na ndipo mabasi ya mikoani yanapojaa na ajali barabarani huongezeka. Mwezi wa Ramadhani nao wachangiaji wa mchana hupungua, kwa hiyo wanaofunga waje baada ya futari pale ambapo benki ya damu ina mtu wa usiku, na wasiofunga wazibe pengo la mchana. Chembe nyekundu hukaa wiki chache tu zikiwa kwenye baridi, hivyo ya Juni haiwezi kungoja Desemba. Amana, Temeke, Mwananyamala na Muhimbili zote zinapokea wachangiaji siku za kawaida, bila turubai wala mgeni rasmi. Nendeni wiki ambayo shule zimefungwa.